Gari la Umeme Nililomuuzia Mwalimu

Nilikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, hapo Changamwe, kwa miaka kumi na tisa. Kazi yangu ilikuwa makaratasi ya magari. Gari likishushwa melini, mimi ndiye niliyefuatilia ushuru, ukaguzi na kibali mpaka mwenyewe akabidhiwe ufunguo. Kwa hiyo sikuwa mtu wa kudanganywa kwa urahisi kuhusu magari. Nalisema hili mapema kwa sababu mke wangu hunikumbusha kila tunapogusia habari hii, na ana haki.

Magari ya umeme yalipoanza kuja, yale madogo yaliyokwisha kutumiwa Japani, ofisini tuliyacheka. Yalikuwa hayana ngurumo. Dereva aliliondoa moja uani tukadhani linateleza lenyewe. Lakini bei ya petroli ilivyozidi kupanda, kicheko kikapungua. Safari zangu zilikuwa fupi: Mikindani nyumbani hadi Changamwe kazini, kanisani Jumapili, Kisauni kwa mama mkwe mara moja moja. Gari la kuchaji nyumbani usiku na kutumia mchana niliona litanitosha mpaka uzee wangu.

Pesa za kulinunua zilitoka Utange. Mke wangu ni mshonaji, na kwa miaka ya kushona sare za shule na nguo za harusi alikuwa amejinunulia kiwanja huko, wakati Utange bado ilikuwa na mikorosho mingi kuliko nyumba. Nilimwambia kiwanja kimekaa tu, hakituingizii kitu. Gari litampelekea nguo kwa wateja, litatuondolea nauli, na siku tukilichoka tutaliuza.

Alikuwa anapiga pasi. Aliiweka pasi kando akanitazama.

"Kiwanja nikikiacha miaka kumi nitakikuta," alisema. "Hilo gari je?"

Nikajifanya nimekasirika, na baada ya mwezi mmoja akakubali. Alitia sahihi karatasi za mauzo bila kuzisoma. Aliyekinunua ni mfanyakazi wa kiwanda aliyetoka bara, mtu mpole, aliyetushukuru kana kwamba tumempa bure.

Gari nililipata katika yadi iliyoko kando ya barabara kuu ya Nairobi, kwa milioni moja na laki moja. Dalali alinifungulia mlango, akabonyeza kitufe, taa za dashibodi zikawaka kwa maandishi ya Kijapani. Kando ya kipimo cha chaji palikuwa na safu ya vipande vidogo vya mwanga.

"Hivi ndivyo vinavyoonyesha afya ya betri," alisema. "Vikiwa kumi na viwili, betri ni nzima. Kila kimoja kikizima, betri imepungua, na hakirudi tena. Hebu hesabu mwenyewe."

Nilivihesabu. Vilikuwa kumi na viwili. Gari lilikuwa na umri wa miaka minane na betri yake ilikuwa kama mpya, na mimi, wa miaka kumi na tisa ya makaratasi ya magari, sikujiuliza inawezekana vipi.

Wiki za kwanza zilikuwa za raha, na ni haki nizitaje. Mke wangu alikuwa akikaa mbele na vitambaa vyake mapajani, anasikia redio vizuri kwa sababu injini haikuwa na kelele. Jirani zetu walitoka kulitazama likichajiwa kwa waya uliopita dirishani. Kisha asubuhi moja nikaona vipande ni kumi na kimoja. Wiki iliyofuata kumi. Katika muda wa miezi miwili vilifika saba. Gari lililokuwa likienda Kisauni na kurudi na chaji ya kubaki, sasa nilirudi nalo nimezima kiyoyozi, nimezima redio, jasho linanitoka, macho kwenye kipimo badala ya barabarani.

Nililipeleka kwa fundi wa umeme wa magari, mtu wa makamo mwenye banda lake nyuma ya maghala ya Changamwe. Alichomeka waya chini ya usukani, akafungua kompyuta yake ndogo, akasoma kwa muda.

"Vilipandishwa," alisema.

"Vilipandishwa vipi?"

"Mtu aliliambia gari kwamba limefungwa betri mpya. Gari haliwezi kujua. Linaonyesha vipande vyote, halafu linaanza kujipima lenyewe polepole, na likimaliza kujipima linarudi kwenye ukweli wake. Hii betri yako ilikuwa na vipande saba siku uliyoinunua."

Nilirudi yadini siku hiyo hiyo. Dalali alinipokea vizuri, akaniagizia soda. Alisema ni joto la Mombasa, betri hizi zimezoea baridi, na yeye ameuza gari lilivyo, karatasi inasema hivyo. Niliisoma ile karatasi. Ilisema hivyo. Ilikuwa namna ya karatasi nilizokuwa nikiwaandalia watu wengine kila siku.

Niliishi na gari lile miaka miwili na ushei, na katika miaka hiyo nilijifunza jinsi kitu kinavyoweza kufa kimesimama. Kwa macho lilikuwa zuri. Rangi yake haikuchubuka, viti vyake vilikuwa safi. Lakini kila baada ya mvua kwisha na joto kurudi, lilipoteza kilomita nyingine. Tuliacha kwenda nalo Kisauni. Halafu tukaacha kwenda nalo kokote kwenye foleni ndefu. Mwishowe lilikuwa la kwenda kazini na kurudi.

Kisha ofisi yetu ikapunguza watu. Mizigo mingi ilikuwa imehamia kwenye reli, kazi ya makaratasi ikahamia bara, na majina kumi na moja yakabandikwa ukutani. Langu lilikuwa la tatu. Binti yetu alikuwa mwaka wa pili chuoni. Nikaamua kuliuza gari.

Hapo ndipo nilipojua bei yake. Nilidhani gari nililolinunua kwa milioni na ushei halitakosa laki saba. Wa kwanza kuja alikuwa mfanyabiashara wa magari; hakulizunguka, hakupiga tairi teke, aliwasha tu na kuvitazama vile vipande. Vilikuwa vitano. Alizima akanirudishia ufunguo. "Bwana, hapa unauza viti," alisema. Wa pili alitaka kutoa laki mbili. Wa tatu, mwanamke wa ofisini, aliuliza betri mpya ni bei gani, nikamwambia ukweli, kwamba betri inazidi bei ya gari lenyewe, akacheka, si kwa ubaya, akaondoka. Kwa miezi minne lilisimama mbele ya nyumba. Wakati huo huo, mke wangu alipita Utange kumpelekea mteja nguo, akakuta kwenye kiwanja chake kuna nyumba imefika lenta. Aliuliza bei ya viwanja vya pembeni. Aliporudi aliniambia ile bei mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, akaenda kupika.

Nilirudi kwa yule fundi. Sikumwambia ninachotaka, na yeye hakuuliza. Aliniangalia tu akasema, "Naweza kuvipandisha. Vitakaa wiki tatu, labda mwezi."

Ningependa kuandika kwamba nilikwenda nyumbani kufikiri. Sikwenda. Nilikaa kwenye benchi lake nusu saa, nikaangalia akifanya, na ilikuwa kazi ya dakika kumi tu. Nilipowasha, vipande vilikuwa kumi na viwili. Jioni hiyo mke wangu alifungua mlango wa gari kuchukua mwavuli wake akaviona. Alisimama pale kidogo, ameshika mwavuli. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu. Baadaye aliniambia kwamba ukimya ule wake ndio anaojutia kuliko jambo lolote maishani mwake.

Mnunuzi alikuja baada ya siku tatu. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzee mwembamba wa Likoni, mtu wa Bofu, amevaa shati jeupe la mikono mirefu na kofia iliyotariziwa kwa mkono. Alikuja na mkewe kwa teksi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza hali ya nyumba, ya watoto, ya kazi, bila haraka, kama vile hakuja kununua chochote.

Mkewe hakuweza kusimama kwa muda. Mke wangu alimtolea kiti na kumletea maji, naye akasema asante mwanangu, lakini hanywi mengi, amepimiwa.

"Mafigo," mwalimu alinieleza. "Mara mbili kwa wiki nampeleka upande wenu huu kusafishwa damu. Kwa feri tunakwama kwenye foleni, jua kali, yeye hawezi. Teksi ya kuzungukia barabara ya Dongo Kundu inatumalizia pesa. Nimeambiwa gari la umeme halina gharama za kila siku."

"Ni kweli," nilisema.

"Kwenda na kurudi ni kama kilomita sabini. Litafika?"

Nilijua jibu. Gari lile lilikuwa likizima baada ya kilomita hamsini na kitu, na hiyo ni bila kiyoyozi. Ningeweza kumwambia hapana, na angeshukuru, angepanda teksi yake, na mimi ningebaki na gari langu. Badala yake nilifungua mlango wa dereva.

"Tazama mwenyewe, mwalimu," nikasema. "Vipande vyote vipo."

Nimelifikiria sana neno lile. Sikusema uongo hata herufi moja. Nadhani ndiyo sababu nililisema hivyo.

Alivihesabu kwa kidole, kama wanavyohesabiwa watoto darasani. Akaniuliza tena, "Betri haina shida?" Nikasema gari nimelitunza vizuri. Alitoa laki sita, sehemu ya malipo yake ya kustaafu, na hakubembeleza bei. Tulipomaliza kuandikiana alinipa mkono akaushika kwa muda. "Nimeingia nyumba yenye adabu," alisema. "Inshallah tutakuwa watu wa kujuana."

Mkewe alipandishwa kiti cha nyuma. Mke wangu aliingia ndani kabla hawajaondoka.

Wiki ya tatu mwalimu alinipigia. Baada ya salamu zake ndefu alisema, "Gari hili, bwana. Vile vipande vinapungua. Kwako lilikuwa likifanya hivi?"

Nilikuwa nimesimama uani. Nakumbuka nilikuwa nimeshika kikombe cha chai.

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Labda ni joto."

Nilisikia watu wakizungumza nyuma yake, na mlango ukifungwa.

"Labda," alisema. "Haya. Nisalimie nyumbani."

Baada ya hapo hakupiga kwa mwezi mzima na zaidi. Ada ya binti yetu tulikuwa tumeilipa, tumenunua mchele wa gunia, na mimi nilikuwa nimeanza kuamini kwamba jambo lenyewe limepita. Niliambia nafsi yangu kwamba mzee amepata fundi, au amezoea gari, au amelipitisha kwa mwingine.

Siku ya tukio ilikuwa Jumanne, saa nane mchana. Mke wangu alikuwa anashona sebuleni, mimi nimekaa mezani nikiandika barua ya kuomba kazi. Simu ikaita. Niliona jina lake nikaigeuza kifudifudi. Ikaita mpaka ikakatika. Baada ya muda ikaita tena.

"Simu yako," mke wangu alisema.

"Naiona."

Alisimamisha cherehani. Ilipoita mara ya tatu aliinuka, akaishika, akaona ni nani, akaibonyeza mwenyewe na kuniwekea sikioni.

"Samahani kukusumbua, bwana," mwalimu alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila alikuwa anapumua kati ya maneno. "Gari limezima hapa Dongo Kundu, juu ya lile daraja refu. Niko na mama. Tumetoka kusafisha damu, hali yake si nzuri. Jamaa zangu wote wako Likoni, bado hawajafika. Wewe ndiye wa karibu."

Baadaye niliangalia kwenye simu. Kati ya kuita kwa kwanza na hapo palikuwa na dakika kumi na tisa.

Mke wangu alikuwa ameshatoka barabarani kusimamisha tuktuk. Alichukua leso na mto wa kiti. Tulikwenda kwa kasi ambayo tuktuk inaweza, na dereva hakutuuliza mengi alipomwona mke wangu uso. Daraja lile ni refu na halina kivuli. Upepo unapita juu yake lakini ni upepo wa moto. Tuliliona gari kwa mbali, limesimama ukingoni, milango yote wazi. Mwalimu alikuwa amesimama upande wa jua, ametandaza shati lake juu ya mlango ili kumkinga mkewe, yeye mwenyewe amebaki na fulana. Malori yaliyokuwa yakielekea kusini yalimpita kwa nguvu hata fulana ikapepea. Mawili yalikuwa yamesimama, alisema, lakini upande wao haukuwa wa hospitali na hayakuweza kugeuza.

Mama tulimbeba watatu. Alikuwa mwepesi. Ngozi yake ilikuwa na ubaridi, katika joto lile, na ubaridi huo ulinishtua mikononi. Tulimlaza kwenye kiti cha tuktuk, kichwa mapajani mwa mke wangu, mwalimu akajibana miguuni, nami nikakaa mbele nusu nje pamoja na dereva. Gari tuliliacha pale, milango wazi.

Zahanati ya kusafishia damu alikotoka mchana ule walimpokea mara moja. Tuliketi kwenye benchi la korido, mwalimu akiwa na shati lake mkononi, hajalivaa. Kabla ya alasiri daktari akatoka. Alikuwa mwanamke, amechoka, akaketi kwenye benchi karibu naye kwanza ndipo akasema. Alisema moyo wa mama ulikuwa umedhoofika muda mrefu. "Hata angekuwa kitandani," alisema, kisha akaitwa ndani na hakumaliza.

Nimejaribu kuimalizia sentensi ile mara nyingi, na huwa inakwisha kwa namna mbili.

Alizikwa kesho yake Bofu, kabla ya adhuhuri. Mimi na mke wangu tulikwenda. Yeye aliingia ndani kwa wanawake, mimi nikasimama nyuma kabisa na wale wasiojua watie wapi mikono. Jeneza lilipotoka, wanaume wakalisogelea kupokezana, na mtu mmoja nisiyemjua akanivuta mkono, kwa wema, akanipa nafasi. Nikalitia begani. Nililibeba hatua kama ishirini mpaka mwingine akanipokea. Hakuna aliyejua mimi ni nani isipokuwa mwalimu, aliyekuwa mbele na hakugeuka.

Nilikaa wiki mbili kisha nikarudi peke yangu. Gari lilikuwa limevutwa mpaka pale, limesimama kando ya nyumba chini ya ukuta, vumbi limelifunika. Mwalimu alikuwa ameketi barazani na redio ndogo. Alimwita binti yake, aliyekuwa amehamia hapo kumtazama, naye akaitikia abee kutoka ndani, akaleta kahawa na kuondoka. Nikamwambia mwalimu kila kitu: vipande saba, vipande vitano, fundi, dakika kumi za kompyuta. Niliyasema nikitazama sakafu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akazima redio.

"Nilijua," alisema. "Wiki ya pili tu fundi wa hapa Likoni alinionyesha."

"Mbona hukunirudishia?"

"Nilikupigia. Nilikuuliza. Nilitaka uniambie mwenyewe, tuone la kufanya. Ukaniambia joto." Alivuta pumzi. "Basi nikasema mtu huyu ameshaamua, na mimi pesa nyingine sina. Nikapata pahali pa kuchaji karibu na zahanati, mama akiwa kitandani mwake gari nalo liko kwenye umeme. Tulikuwa tunafika. Siku ile umeme ulikatika upande ule, gari halijajaa. Nikaangalia kipimo, nikaangalia mama anataka kwenda nyumbani kulala, nikapiga hesabu, nikaona itatosha."

Nilikiweka kikombe chini.

"Mimi nilijua na bado nikampandisha," alisema. "Hilo ni langu, sikuombi unisaidie kulibeba. Lako unalijua. Na siku ile nilipiga mara tatu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Haya."

Nilimwambia nitalichukua gari na kumrudishia pesa yake. Nilidhani atakataa, na ninaona aibu kusema kwamba nusu ya moyo wangu ilitumaini atakataa. Hakukataa. "Pesa nitapokea, ni haki yangu," alisema. "Hilo jingine unalolitaka, leo sinalo. Sijui kama nitakuwa nalo."

Nikirudi nyumbani nilipitia Changamwe kwa fundi. Nilimkuta amechomeka waya wake kwenye gari jingine, jeupe, la aina ile ile, mwenye gari amesimama kando anacheza na ufunguo. Nilimvuta fundi pembeni nikamweleza. Alinisikiliza, akajifuta mikono kwa kitambaa.

"Pole sana," alisema. "Lakini mimi napandisha vipande. Kuuza mnauza nyinyi." Akarudi kwenye kompyuta yake. Nilimtazama yule mwenye gari. Ningeweza kumwambia neno. Aligeuka akanitabasamia, nikaondoka.

Gari nililiuza kwa mtu wa Utange anayetengeneza betri za kuhifadhi umeme wa jua. Nilimwambia hali yake yote kabla hajauliza. Hakujali. Aliitoa betri uani kwake kwa jeki, akaifungua kifuniko, akaanza kupima seli moja moja kwa nyaya mbili, nzuri upande huu, mbovu upande ule. Mbovu zilikuwa nyingi. Alinipa laki moja na nusu na kusema bodi ataiuza kama chuma chakavu. Mke wangu alikuwa amekataa kunisindikiza Utange, na mpaka leo hapiti huko. Wateja wake wa kule humfuata Mikindani.

Zilizobaki katika zile laki sita za mwalimu tulizipata kwa kazi. Yeye alishona, mimi nilipata kibarua cha kuhesabu makontena katika ghala moja, zamu za mchana. Kila mwisho wa mwezi nilivuka kwenda Bofu. Mwalimu alinikaribisha barazani, kamwe si ndani. Aliniuliza hali ya nyumba, nami nikamuuliza ya afya. Alikuwa anapungua. Hatukulitaja tena gari, wala daraja.

Mara ya mwisho, nilipomaliza kumlipa, aliitia bahasha mfukoni bila kuifungua. Adhana ya alasiri ikalia, akainuka, akaniaga kwa heshima yake ile ile, akashika njia ya msikitini taratibu, mkono ukutani. Nilikuwa ninavaa viatu wakati binti yake alipotoka kuchukua vikombe. Hakuwa amewahi kuzungumza nami zaidi ya salamu.

"Wewe ulikuwa kwenye tuktuk," alisema.

"Ndiyo."

"Mama alisema lolote?"

Nilimwambia alisema jambo moja tu. Alimuuliza mke wangu kama mwalimu amekula.

"Na alikuwa amekula?"

"Sijui," nikasema. "Hatukumjibu."

Aliviweka vikombe kwenye sinia, kimoja, kingine, akakipangusa kiti nilichokuwa nimekalia, akaingia ndani. Nikatembea mpaka barabarani.